Halo ni kubwa, mbona nyota ni chache? Jibu kwa mwalimu wa Kayole

"Daktari habari. Mimi ni mwalimu wa fizikia, niko TP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwa shule moja huku Kayole, na jioni tuna klabu ya wanafunzi ya mambo ya anga. Wiki jana niliwaambia kila galaksi imekaa ndani ya halo ya maada ya giza, yaani wingu kubwa la maada isiyoonekana, na kwamba maada ya giza ni kama mara tano ya maada ya kawaida kila mahali, kwa hivyo ukijua uzito wa halo gawanya tu kwa tano utapata nyota. Sasa kijana mmoja wa kidato cha tatu akaenda akatafuta namba mwenyewe akaniletea kwa daftari: Njia Nyeupe haifiki, galaksi ndogo ndo kabisa, na zile kubwa za katikati ya vishada pia hazifiki. Akaniuliza mbele ya wenzake, mwalimu, hizo nyota zingine ziko wapi? Nilinyamaza. Mwalimu mwenzangu naye akasema hiyo maada ya giza ni kiraka tu wanasayansi walibandika hesabu zilipokataa. Je, niliwadanganya watoto? Na nitawaelezaje bila darubini wala maabara ya maana?"

Mwalimu, salama? Naanza na lile linalokuuma: hujamdanganya mtoto yeyote. Nusu ya ulichosema ni kweli kabisa, nusu nyingine imeteleza mahali padogo ambapo karibu kila mtu huteleza, hata wanafunzi wangu wa mwaka wa nne, na huyo kijana ameuona mwanya kwa sababu alikubali kupiga hesabu badala ya kunakili tu. Mimi ningempa hilo daftari alama zote. Alichofanya, yaani kuweka uzito wa nyota upande huu na uzito wa halo upande ule halafu agawanye aone uwiano unapanda wapi na kushuka wapi, ndo kile kile wataalamu wa galaksi wamekuwa wakichora kwa zaidi ya miaka 20, na mpaka leo tunabishana juu ya kona zake.

Sasa ulipoteleza. Ile mara tano ni wastani wa ulimwengu mzima. Setelaiti ya Planck ilipima mwanga wa zamani kuliko wote tunaoweza kuuona, na hesabu zake zinatoa maada ya kawaida kama asilimia 5 ya vyote vilivyomo, maada ya giza kama 27, na inayobaki ni nishati ya giza ambayo leo tuiache kando. Ukichukua maada peke yake basi ile ya kawaida ni kama asilimia 16, yaani moja kwa sita, na kwa kuwa uzito wa halo unaoandikwa huwa umejumlisha kila kitu kilichomo ndani, ungegawanya kwa sita, siyo tano. Hilo ni kosa dogo. Kosa lenyewe ni kudhani maada ya kawaida na nyota ni kitu kimoja. Maada ya kawaida kwanza ni gesi, haidrojeni na heliamu, na nyota ni ile sehemu ya gesi iliyofanikiwa kuingia ndani, ikapoa, ikabanana mpaka ikawaka. Ukiniambia kwa stoo kuna gunia la unga siwezi kukwambia kuna chapati ngapi mezani, mpaka nijue nani anapika, moto ukoje, na unga kiasi gani umemwagika njiani.

Hebu tuchukue namba za kijana wako tuziweke vizuri, tupime kila kitu kwa uzito wa Jua letu. Njia Nyeupe, galaksi yetu, halo yake ni kama trilioni moja. Fungu lake la maada ya kawaida lingekuwa bilioni 160. Nyota zilizopo ni kama bilioni 50 au 60, kwa hivyo imegeuza theluthi hivi ya fungu lake kuwa nyota, na amini usiamini hiyo ni galaksi yenye bidii sana, nyingi haziifikii. Njoo kwa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu: halo kama bilioni 150, fungu bilioni 24, nyota bilioni 3 tu, moja kwa nane. Shuka mpaka Draco, kagalaksi kadogo kanakozunguka Njia Nyeupe: halo yake ni kama bilioni moja au zaidi, fungu si chini ya milioni 160, lakini nyota zote pamoja uzito wake ni kama laki tatu. Laki, mwalimu! Hiyo ni kama mbili kwa elfu. Halafu ruka uende juu kabisa kwa kishada cha Coma, yaani kundi la galaksi nyingi zilizoshikwa pamoja na mvutano, ambacho uzito wake unakaribia trilioni elfu moja, fungu lake trilioni 160, na galaksi kubwa pale katikati ina nyota za trilioni moja hivi, hata moja kwa mia haifiki.

Umeona umbo lake? Ni kilima. Chini kwa halo ndogo, kinapanda, kilele kiko karibu na halo ya trilioni moja, halafu kinashuka tena. Sisi tumekaa karibu na kilele. Kwa hivyo halo inaamua sana galaksi itakuwa na nyota ngapi, ila haigawi kwa uwiano sawa kama ulivyodhani, na sababu ya upande wa kushoto wa kilima siyo ile ya upande wa kulia. Nitazichukua moja moja kwa sababu hapa ndo utamu ulipo.

Lakini kwanza halo yenyewe inafanya nini. Ulimwengu ulipokuwa mchanga maada ilikuwa imetandazwa karibu sawasawa kila mahali, tofauti kati ya sehemu na sehemu ilikuwa kama moja kwa laki. Gesi ilikuwa imenaswa na mwanga mkali wa wakati ule, haikuweza kukusanyika mpaka miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, ila maada ya giza haina habari na mwanga kwa hivyo ilikuwa imeshaanza kujikusanya mapema. Vijihalo vidogo vikatokea kwanza, vikaungana vikawa vikubwa, na mpaka leo vinaungana. Gesi ilipoachiliwa ikakuta mashimo ya mvutano yameshachimbwa, ikatumbukia.

Hapa mwanafunzi atauliza, kama vyote viwili vilitumbukia kwa shimo moja, mbona nyota ziko katikati na maada ya giza imetapakaa mbali? Ni kwa sababu maada ya giza haiwezi kupoa. Chembe zake zinapitana bila kugongana, hazitoi mwanga, kwa hivyo nishati zilizoingia nayo haina pa kwenda, zinabaki zikirandaranda ndani nje kama nyuki kwa mzinga. Gesi ni tofauti, inagongana, inapata moto, inatoa mwanga, mwanga unaondoka na nishati, gesi inazama ndani zaidi. Diski ya Njia Nyeupe ina upana wa kama miaka ya nuru 100,000 na halo yake inapita milioni moja. Simon White na Martin Rees waliandika wazo hili mwaka wa 1978, kwamba galaksi ni gesi iliyopoa katikati ya halo ya giza, na mengi tuliyojifunza tangu hapo yamejengwa juu ya msingi huo.

Kwa hivyo halo ina kazi mbili: inakusanya gesi, na inaamua shimo lina kina gani. Kina ndo muhimu. Kutoroka Duniani unahitaji kilomita 11 kwa sekunde. Kutoroka Njia Nyeupe ukianzia hapa Jua lilipo unahitaji zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde. Kutoroka kagalaksi kama Draco, makumi machache tu. Weka hizo namba tatu ubaoni uziache hapo kipindi kizima.

Tuanze upande mdogo. Chukua kikombe kimoja cha maziwa, weka kwa kisufuria kidogo, juu ya jiko la makaa lililoshika vizuri. Unajua vile huenda, geuka kidogo tu uchukue majani chai, maziwa yanafura, povu linapita ukingo, yanamwagika, na yakimwagika yanazima makaa yenyewe. Umepoteza maziwa na umepoteza moto. Ukichukua maziwa yale yale ukayaweka kwa sufuria ndefu, povu litapanda litashuka ndani kwa ndani. Galaksi ndogo ni hicho kisufuria. Kila gesi ya uzito wa Jua 100 hivi inapogeuka nyota, moja kati ya hizo nyota huwa nzito kiasi cha kufa kwa mlipuko, supanova, na mlipuko mmoja unatupa nje nishati karibu sawa na yote Jua litakayotoa maisha yake yote, gesi inarushwa kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Sasa linganisha na ile namba yako ya makumi machache pale ubaoni. Gesi inatoka. Na ikitoka, hakuna ya kutengenezea nyota zingine, makaa yamezimika. Kwa galaksi kama yetu milipuko ni ile ile lakini ukingo uko juu, gesi nyingi inapanda inapoa inarudi.

Hili unaweza kuwaonyesha kwa macho. Mimi niliwahi kulala nje pale Olorgesailie, ile barabara ya Magadi, mwezi wa kwanza, hakuna mwezi angani, na ilipofika saa nne usiku nikaangalia kusini kabisa. Juu ya upeo wa macho, urefu kama wa ngumi mbili ukinyoosha mkono, kulikuwa na doa jeupe hafifu kama moshi uliosahau kuondoka, ukilikazia macho linafifia ukiangalia pembeni kidogo linarudi. Hilo ndo Wingu Kubwa la Magellan, lile la moja kwa nane, miaka ya nuru kama 160,000 kutoka hapa. Wingu Dogo lilikuwa chini yake upande wa kulia, karibu limezama. Watu wa Ulaya hawayaoni haya kamwe, sisi tumepewa bure. Na mwezi wa pili mwaka wa 1987 supanova moja ililipuka ndani ya Wingu Kubwa, ikaonekana kwa macho bila darubini, na mpaka leo darubini zinafuatilia vile mabaki yake yanavyosukuma gesi iliyoizunguka. Kwa hivyo mtoto akiuliza nani amewahi kuona hayo mambo yakitokea, mwambie ni pale pale kwa hilo doa.

Galaksi ndogo kuliko hizo zina shida ya pili ambayo nitaipitia haraka. Nyota za kwanza kabisa zilipowaka mwanga wao wa urujuanimno ulichoma gesi ya ulimwengu mzima ikafika nyuzi kama elfu kumi, na gesi ya moto hivyo haiwezi kukaa kwa shimo lisilo na kina, inapeperuka tu au haiingii kamwe. Ndo maana kuna kitu kinaitwa Segue 1 ambacho kina nyota za kama elfu moja hivi, galaksi nzima, na mvutano unaozishikilia ni wa vitu vizito mara nyingi sana kuliko zenyewe. Na hesabu za kompyuta zinaonyesha lazima kuna halo ndogo zaidi ambazo hazikuwasha nyota hata moja, giza tupu.

Haya, upande mkubwa. Hapa ukingo uko juu sana, supanova haziwezi kumwaga kitu, kwa hivyo ungetarajia halo kubwa ipike mpaka unga uishe. Haifanyi hivyo, na sababu ni joto. Gesi ikianguka kwa shimo refu inafika chini na kasi kubwa, inagonga gesi iliyotangulia, kasi inageuka joto. Kwa halo kama yetu ni nyuzi milioni moja hivi. Kwa kishada ni makumi ya mamilioni mpaka milioni mia. Na gesi ya moto hivyo na iliyotapakaa nyembamba hivyo inapoa polepole mno. Fikiria uji wa sherehe: ule wa kikombe unanyweka baada ya dakika kumi, ule wa sufuria kubwa ya kanisa ulioepuliwa asubuhi, saa sita bado unaunguza ulimi. Gesi ipo, nyingi tu, lakini haijapoa iwe nyota.

Na tulijuaje gesi hiyo ipo? Mwalimu, hii sehemu nakuomba usiiruke darasani, kwa sababu jibu lilitoka hapa Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setelaiti ndogo ya kilo kama 140 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliano wakirusha na Wamarekani wa NASA wakiwa wenye setelaiti, na kwa heshima ya uhuru wa Kenya ikaitwa Uhuru. Ndiyo, jina lake mpaka leo kwa vitabu vya dunia nzima ni Uhuru. Ilikuwa setelaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa kazi ya kupima eksirei za anga peke yake, ikachora ramani ya vyanzo zaidi ya 300, na moja ya mambo iliyoyakuta ni kwamba vishada kama Coma na Perseus vinatoa eksirei, siyo kutoka nukta moja bali kutoka eneo zima kati ya galaksi na galaksi. Hiyo ni ile gesi ya moto. Ukiijumlisha ni nzito kuliko nyota zote za kishada, mara kadhaa. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Kwa hivyo kijana akiuliza nyota za Coma ziko wapi, jibu ni kwamba unga haujapotea, uko stoo bado wa moto, na aliyeuona kwanza aliondokea pwani yetu.

Lakini bado kuna swali, na wanafunzi wakali wataliona: miaka bilioni kadhaa imepita, mbona gesi ya katikati kabisa, ile nzito, haijapoa? Hata uji wa kanisa hatimaye hupoa. Inaonekana kuna mtu anaendelea kuchochea kuni, naye ni shimo jeusi la katikati. Gesi kidogo ikipoa ikateremka, shimo jeusi linaimeza kiasi na kurusha nyingine nje kwa mirija ya kasi, mirija inapasha gesi moto upya. Galaksi ya M87 ndo mfano mzuri, shimo lake jeusi lina uzito wa Jua bilioni 6.5, ni lile lililopigwa picha ikatolewa Aprili 2019, na mrija wake ulishaonekana tangu 1918. Kwa kishada cha Perseus, darubini ya Chandra imeona mapovu makubwa kabisa ndani ya gesi ya moto, yamepulizwa na shimo jeusi la katikati. Letu sisi lina uzito wa Jua milioni 4 tu, limetulia.

Basi katikati ya hayo mawili, pale kwa trilioni moja, ukingo uko juu kiasi cha kuzuia povu na uji si mwingi kiasi cha kukataa kupoa. Njia Nyeupe bado inatengeneza nyota za uzito wa Jua moja au mbili kila mwaka.

Sasa kwa mwalimu mwenzako na kiraka chake. Usimkasirikie, hoja yake si ya kijinga. Fritz Zwicky mwaka wa 1933 aliona galaksi za Coma zinakimbia mno kuliko uzito unaoonekana ungeweza kuzishika, na watu hawakumjali sana. Mwaka wa 1970, mwaka ule ule wa Uhuru, Vera Rubin na Kent Ford walipima kasi ya gesi ndani ya Andromeda wakakuta huko nje haipungui vile ilivyopaswa. Kama ushahidi ungeishia hapo mimi pia ningesema huenda sheria ya mvutano ndo ina shida, na Mordehai Milgrom alipendekeza hivyo mwaka wa 1983, na kusema ukweli pendekezo lake linatabiri kasi za galaksi nyingi vizuri mno, jambo ambalo yeyote anayelidharau hajalisoma. Shida inakuja kwa vishada, ambako bado inabidi aongeze uzito usioonekana, na kwa ule mwanga wa zamani uliopimwa na Planck. Halafu kuna Kishada cha Risasi, vishada viwili vilivyogongana: gesi ya moto imebaki katikati imekwama, lakini mvutano, tukiupima kwa vile unavyopinda mwanga wa galaksi za nyuma, umeendelea mbele na galaksi bila kusimama. Hiyo ilichapishwa mwaka wa 2006. Kiraka hubandikwa palipochanika tu, hiki kimekubali kupimwa kwa njia tatu nne zisizojuana. Lakini mwambie pia ukweli huu, kwamba mpaka sasa hakuna maabara iliyokamata chembe ya maada ya giza hata moja, na tunaitafuta kwa bidii.

Kuna mahali pengine pia lazima tuwe wakweli. Kompyuta zinazoigiza galaksi, kama zile za EAGLE na IllustrisTNG, haziwezi kuona supanova moja moja, ni ndogo mno kwa ukubwa wa zoezi, kwa hivyo wataalamu wanaweka kanuni ya jumla ya nguvu za milipuko na za shimo jeusi halafu wanairekebisha mpaka galaksi zitoke kama zile tunazoziona. Nani anazuia nyota upande mdogo na nani upande mkubwa, hapo sina wasiwasi. Ni kwa kiasi gani hasa kila mmoja anachangia, hapo ndo tunabishana. Na usichukue halo kama hatima: halo mbili za uzito sawa zinaweza kupishana nyota mara moja na nusu hivi, kutegemea ipi ilijikusanya mapema na ipi ilichelewa.

Huyo kijana lazima ataona pia zile habari kwamba darubini ya James Webb imekuta galaksi za mapema mno zilizo kubwa kuliko halo zao zinavyoruhusu. Baadhi ya zile za mwanzo zilipopimwa upya uzito ulishuka, kwa sababu mwanga mwingine ulikuwa wa mashimo meusi na siyo nyota. Lakini hata baada ya hapo, galaksi za mapema zinazong'aa ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na maelezo mojawapo ni kwamba wakati ule halo zilikuwa zinageuza gesi kuwa nyota kwa bidii kuliko leo. Hapo kitabu bado kiko wazi.

Utawaelezaje bila maabara? Una unachohitaji. Jambo la kwanza watakalouliza ni tumepimaje halo kama haionekani, na hilo waonyeshe na sare za shule. Wapange wanafunzi kwa urefu, panga sare kwa ukubwa, mrefu kabisa apewe kubwa kabisa, wa pili apewe ya pili, mpaka mwisho. Hujampima mtu kwa futi lakini kila mmoja ana sare yake. Sisi tunafanya hivyo hivyo, kompyuta inatuambia kwa eneo fulani la anga kuna halo ngapi za kila uzito, darubini zinatuambia kuna galaksi ngapi za kila uzito, tunazioanisha kutoka kubwa kwenda ndogo, na kile kilima kinatokea chenyewe. Halafu tunahakiki kwa kupima vile mwanga wa galaksi za mbali unavyopindwa ukipita karibu na halo, kama vile unavyohakiki kwa kumuuliza mtoto mmoja mmoja kama sare inambana. Siku nyingine lete kikombe na sufuria ya uji na kipimajoto kimoja, wasome joto kila dakika tano wachore mistari miwili. Maziwa ya kumwagika waache wayafanye nyumbani, tayari wanayajua.

Kama kijana anataka kwenda mbele, yaani achukue data halisi azichore mwenyewe kwa kompyuta, hapo barua kama hii haitoshi, inabidi akae na mtu. Idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Chiromo, andika barua kupitia kwa mkuu wa shule, omba mhadhiri mmoja au mwanafunzi wa uzamili saa moja tu, na mwende na daftari, siyo mikono mitupu. Kwa kuangalia anga kwa darubini kuna Travelling Telescope ya Susan Murabana na mumewe, ambao hupeleka darubini kwa shule. Na wewe ukikwama kwa hesabu ya kasi ya kutoroka usijifungie nayo usiku kucha, muulize msimamizi wako wa TP akikuja, ni hesabu ya mistari mitano.

Ukirudi klabuni anza na daftari lake. Waambie uliwaambia gawanya kwa tano na haikuwa sawa, na yeye ndo aliyegundua, halafu mpe chaki achore nukta nne ubaoni: Draco, Wingu Kubwa, Njia Nyeupe, Coma, halo kwa mstari wa chini na uwiano kwa mstari wa kusimama, kila hatua ikiwa mara kumi la sivyo ubao hautatosha. Nukta ya tano umuachie. Wingu Dogo la Magellan lina nyota za uzito wa Jua kama milioni 500. Halo yake aikisie kutoka kwa mchoro wake mwenyewe, aandike jibu kwa daftari, ndo sasa achukue simu aangalie.